Nguzo Tumeitunza, Senema Tumewaachia Mbuzi

Hotuba hii, juu ya jengo letu la senema ya zamani, niliitoa hapa Malindi Jumamosi iliyopita baada ya alasiri, mbele ya wazee, walimu na vijana wa mji. Kwa waliokuwa safarini na waliozuiliwa na mvua, nimeiandika yote kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, hamjambo? Na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni kama watu wanaotafuta nafasi ya kutoroka, njooni mbele, viti vipo.

Nianze na mbuzi.

Wiki tatu zilizopita nilipewa ufunguo wa jengo ambalo nyote mwalijua. Jina lake silitaji, maana wenyewe ni ndugu na bado hawajaelewana, na mimi sikuja hapa kuingilia mirathi ya watu. Lakini mwalijua. Nikasukuma mlango kwa bega, ukalia, ukafunguka. Ndani nikakuta mbuzi kumi na mmoja. Hawakushtuka hata kidogo. Wamelala chini wanacheua, na wote, wallahi, wote wameelekea upande mmoja, upande wa ule ukuta mweupe. Nikawauliza, "Shoo inaanza saa ngapi?"

Mnacheka. Hata mimi nilicheka. Kisha nikakaa kwenye ngazi ya saruji, pale palipokuwa na viti vya bei rahisi, nikajikuta sicheki tena.

Nawauliza. Mgeni akija Malindi, tunampeleka wapi? Tunampeleka kwenye Nguzo ya Vasco da Gama. Hakuna aliye humu ambaye hajampeleka mgeni pale, akamsimamisha bahari ikiwa nyuma yake, akampiga picha. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498. Alikaa kama siku kumi, akapewa rubani wa kumvusha mpaka India, akaenda zake. Siku kumi! Msalaba wa jiwe la kwao ukabaki, na sisi tuko hapa, zaidi ya miaka 500 baadaye, tunaupaka chokaa na kutoza kiingilio. Kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti, tumelitunza. Magofu ya Gede yana uzio na mlinzi. Sisemi kwa ubaya. Vitunzwe, na Mungu awazidishie wanaovitunza.

Ila aliyekaa siku kumi ana mnara. Waliokaa kila Jumamosi, miaka nenda miaka rudi, Waswahili, Wagiriama, Wahindi, Waarabu, Wabajuni, wavuvi na makarani, wote ndani ya giza moja, wao wana nini? Wana mbuzi kumi na mmoja.

Mimi senema niliisikia kabla sijaiona. Mama yangu, Mungu amrehemu, akiuza njugu na mabuyu pale nje, upande wa ukuta wenye matundu ya hewa. Mwayakumbuka yale matofali yaliyotobolewa maua-maua ili joto lipate kutoka? Basi joto lilitoka, na sauti nayo ikatoka. Mimi nikikaa juu ya gunia, nakunja karatasi za daftari kuukuu kuwa pembe za kutilia njugu, na nyuma ya mgongo wangu watu wanapendana, wanagombana, wanakufa, kwa Kihindi. Neno silijui hata moja na nimeelewa yote. Adui akiingia nilimjua kwa ngoma. Steringi, yaani shujaa wa picha, akiingia nilimjua kwa mbinja za wale wa viti vya mbele. Na mtu akianza kuimba, hata mama alikuwa anaacha kuhesabu chenji.

Niwape siri. Kwa miaka niliamini kwamba picha zote za Kihindi zina mwanamke mmoja tu. Kwa nini? Kwa sababu sauti ya kuimba ilikuwa ileile! Picha hii ni yeye, picha ijayo ni yeye, kwenye harusi ni yeye, kwenye kilio ni yeye. Nikimwonea huruma, masikini, hapumziki. Nilipokuja kuingia ndani nikaona sura mbalimbali, nilidhani nimedanganywa. Ndipo kijana mmoja wa Kihindi, mwana wa duka la vitambaa, akanieleza kwamba kuna bibi anaitwa Lata Mangeshkar, yeye huimba kando, na wale warembo wanafumbua midomo tu. Sikumwamini wiki nzima.

Na sauti ile haikuishia ukutani. Iliruka ikaingia vyumbani mwetu. Wenye umri wangu mwajua jinsi taarabu ya mwambao huu ilivyochukua mahadhi ya picha za Kihindi na kuyavisha Kiswahili. Marehemu Juma Bhalo ameimba nyingi za namna hiyo, na watu wakalia kwa maneno ya Kiswahili ndani ya tuni iliyotoka Bombay. Ilipitia wapi tuni hiyo kufika hapa? Redio, ndiyo, na santuri. Lakini ilipitia pia yale matundu ya hewa. Watoto wa chuoni waliijua kuliko masomo yao. Mwalimu wetu wa Kurani, ambaye senema kwake ilikuwa haramu tupu, alituuliza siku moja nani alikwenda jana usiku. Kimya. Hakuna aliyekwenda. Akaendelea kusomesha, na baada ya kitambo mmoja wetu, bila kujijua, akaanza kuvumisha wimbo puani. Kiboko kilituangukia sote, hata mimi niliyekaa nje na njugu zangu.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo moja la ujenzi. Nimesikia wanaosema: likirudishwa jengo lile, tuzibe matundu, tutie eyakondishan. Nawaomba, msizibe. Nusu ya watu wa senema ile hawakuwahi kukata tikiti. Walikuwa nje.

Sasa nije kwenye kivuko.

Vijana, nyinyi mkitaka picha mnabonyeza. Wakati ule picha ilikuwa mzigo. Mzigo kwelikweli, wa kubebwa begani. Ilikuwa mikanda iliyoviringwa na kutiwa katika makopo ya bati, makopo yakatiwa katika sanduku, sanduku likapandishwa juu ya basi Mombasa, likaja kilomita 120 mpaka hapa. Na njiani kulikuwa na nini? Kilifi. Daraja la Kilifi lilifunguliwa 1991. Kabla ya hapo, basi, abiria, mbuzi, maembe, na steringi, wote walisubiri feri.

Mkanda mmoja mkubwa wa senema ni futi 2,000, na unakwenda dakika ishirini na kidogo, basi. Sasa pigeni hesabu. Picha kama Sholay, iliyotoka India Agosti 1975, ni zaidi ya saa tatu. Hiyo ni mikanda tisa, kumi. Haiingii sanduku moja. Ilipofika zamu ya Malindi, masanduku yalikuja mawili, na yakapandishwa mabasi mawili tofauti. Kwa nini? Mwaijua Mombasa, msiniulize mimi.

Basi la kwanza likavuka. La pili likakuta feri imeharibika.

Ukumbi umejaa mpaka ngazini. Shoo ikaanza, mikanda ikaenda, ikafika intavali. Watu wakatoka, wakala viazi vya karai, wakanywa barafu ya rangi, wakarudi wakakaa. Taa hazizimwi. Dakika kumi. Nusu saa. Mwenye senema akasimama mbele, jasho linamtiririka, akasema, "Jamani, nusu ya picha iko Kilifi." Mnadhani watu walidai pesa zao? Wachache. Wengine walikaa. Akasimama baharia mmoja aliyewahi kuiona picha ile bandarini huko, akasema nitawahadithia. Akahadithia! Kwa mikono, kwa sauti ya adui, kwa sauti ya farasi, watu wanapiga makofi. Akafika mahali pa Jai. Wenye kuijua mwajua. Jai, aliye steringi, anakufa. Ukumbi mzima ukamzomea. Mwongo! Steringi hafi! Wakamteremsha kwa maganda ya njugu.

Saa nane za usiku basi likaingia, taa zote zinawaka, kondakta anapiga honi tangu mtaa wa Barani. Wakawasha mashine. Na mimi nje, nimeshalala juu ya gunia, nikaamshwa na kitu ambacho sikuwahi kukisikia ukutani pale. Kimya. Watu mia kadhaa, kimya. Jai amekufa. Kisha sauti ya mtu mzima, mwanamume, ikasema taratibu kwa masikitiko: "Yule baharia alisema kweli."

Katika miji ya pwani hii watu wamewahi kukusanyika msikitini, kanisani, kwenye ngoma, kwenye mazishi. Nionyesheni mahali pengine ambapo mgeni kwa mgeni, dini hii na ile, waliwahi kukesha pamoja kumsubiri mtu ambaye hayupo.

Chumba cha mashine sitakieleza chote, tutakaa hapa mpaka magharibi. Lakini nataka mkijue, maana ndicho kitakachobomolewa mwanzo. Watu wanakiona kidogo, kinene, hakina dirisha la maana, wanasema hiki cha nini?

Unene ule una sababu. Senema za mwanzo zilitumia mkanda wa naitreti, na naitreti ikishika moto haizimiki, hata uitose majini inaendelea kuwaka. Paris, mwaka 1897, moto ulioanzia kwenye taa ya mashine ya senema uliua watu 126. Mkanda ule uliachwa kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini mazoea ya kujenga chumba kama ngome yalibaki. Ndiyo maana kina kuta nene na vifuniko vya chuma vya kuteremka. Na ndiyo maana kina matundu mawili tu mbele kwa kila mashine: moja la mwanga, moja la jicho.

Operata wetu, mzee mmoja mpole mwenye kikohozi, aliniruhusu siku moja nisimame kwenye kreti la soda nichungulie hilo tundu la jicho. Mashine zilikuwa mbili, joto kama tanuri la mkate. Taa yake haikuwa balbu. Ilikuwa vijiti viwili vya kaboni vinavyokaribiana ncha kwa ncha, umeme unaruka katikati, mwanga mweupe kama wa fundi anayechomelea geti. Vijiti vinaliwa kama mshumaa, naye akivisogeza kidogo kidogo kwa mkono huku macho yake yako ukumbini. Akaniambia, "Tazama juu, kulia, pembeni." Nikatazama. Kikatokea kidoti. Kama tone, kikapotea. Mguu wake tayari uko kwenye mashine ya pili. Kidoti cha pili: tak! Mkanda umebadilika, farasi wanaendelea kukimbia, hakuna aliyejua. Mimi nilijua. Tangu siku ile sijapata kutazama picha ya zamani bila kuvitafuta vile vidoti.

Akanifunza jambo jingine ambalo niliwafundisha wanafunzi wangu miaka yote ya ualimu. Kila sekunde zinapita picha 24. Kila moja inasimama, haisogei, kisha mwanga unafunikwa ili inayofuata ivutwe mahali pake. Yaani karibu nusu ya muda wote uliokaa senema, ulikuwa gizani, ukutani hakuna kitu. Jicho lako ndilo lililojaza. "Tikiti unalipia," aliniambia, "lakini nusu ya kazi unafanya mwenyewe."

Mashine moja bado iko mle. Nimeiona. Imeota kutu, kuku ametaga ndani ya nyumba ya taa, lakini iko. Makopo matatu pia yako, na nilipofungua moja nilipigwa na harufu ya siki. Hiyo ni dalili ya ugonjwa. Mkanda wa asetati, ule uliochukua nafasi ya naitreti, ukikaa kwenye joto na unyevu hutoa siki, na siki yenyewe inauharakisha kuoza, na unaambukiza uliokaa karibu yake. Dawa yake ni baridi na ukavu. Malindi, mwajua wenyewe, hatuna vyote viwili.

Siku ya wanawake ningeweza kuizungumza peke yake. Mama zangu mlioko hapa, mnaitikia kwa vichwa! Alasiri moja ya wiki, wanaume marufuku, hata mkata tikiti alitafutiwa mwanamke. Mabuibui yananing'inia kwenye migongo ya viti, watoto mapajani, vikapu vya kaimati vinapita mkono kwa mkono. Hapo ndipo mama alifunga biashara yake akaniingiza ndani. Tuliona Mother India, picha ya 1957 iliyokuwa ikirudishwa kila mara. Mwishoni mama anamfyatulia risasi mwanawe mwenyewe, kipenzi chake, kwa sababu amemteka msichana wa kijiji na mama aliapa kuilinda heshima ya wasichana wale. Nawaambia, wiki nzima mtaani kwetu hapakuzungumzwa lingine. Bombani, jikoni, chini ya mkono wa msusi: je, wewe ungempiga? Bibi yangu alisema angempiga mguu. Jirani yake akasema mguu haumtoshi mwanaume wa namna ile. Hawakuwahi kukubaliana. Wamezikwa hawajakubaliana.

Mnasema tulipoteza burudani. Nasema tulipoteza baraza.

Ilikufaje? Hili nitalipita upesi, maana halina fumbo. Kaseti za VHS zilianza Japani 1976, na miaka ya themanini ilipoingia, zilikuwa zimefika hapa kupitia mabaharia na ndugu walio Uarabuni. Kwanza nyumba moja, kisha tano, kisha kila mtaa una kibanda cha video chenye pazia mlangoni. Mama akaweza kutazama akiwa amelala kitandani. Nani angemlaumu? Mwenye senema akapunguza siku, akaonyesha za karate, akaonyesha za mambo mengine ambayo sitayataja mbele ya wazee, akafunga. Baadaye jengo likawa ghala la saruji, likawa ghala la korosho, likawa la mbuzi. Hata lingeponea hapo, mwaka 2014 kampuni kubwa za Marekani zilianza kuacha kabisa kutoa mikanda, ikawa dijitali, na mashine za dijitali za senema bei yake si ya mji kama wetu.

Vijana wanaotazama picha vibandani, zenye dijei anayetafsiri na kuchomekea vichekesho vyake, msiwadharau. Mimi nikimsikia yule dijei namwona baharia wangu wa Sholay. Ni kazi ileile.

Sasa sheria. Wazee wa baraza waliniambia, "Mwalimu, hilo jengo si la kale, Makavazi hawatalitaka." Nikaenda kuisoma sheria yenyewe, ile ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006. Nikakuta kichekesho. Kitu cha kuhamishika, ili kiitwe cha kale kwa mujibu wa sheria hiyo, lazima kiwe kimetengenezwa au kimeletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Elfu moja mia nane tisini na tano! Huo ndio mwaka Waingereza walipotangaza himaya yao hapa. Na mwajua nini kingine kilitokea mwaka huohuo? Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa Kifaransa, Lumière, waliwaonyesha watu wa Paris picha zinazokwenda, wakatoza kiingilio. Ndiyo senema inavyohesabiwa kuzaliwa. Mwaonaje? Mlango wa ukale ulifungwa mwaka uleule senema ilipozaliwa. Hakuna mashine ya senema nchini itakayoupita mlango huo, hata ikae miaka mia tatu na kuku wake.

Lakini ngojeni, msikate tamaa. Sheria hiyohiyo, ikija kwenye majengo, inasema mnara wa kumbukumbu unaweza kuwa jengo la umri wowote. Umri wowote! Linalotakiwa ni kuwa lina maana ya kihistoria, ya kitamaduni, ya ufundi, na Waziri alitangaze. Tena fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, pale zilipoorodheshwa kazi za kaunti. Chini ya utamaduni na burudani za umma mtakuta maktaba, mtakuta makumbusho, na mtakuta, kwa neno lake kabisa, senema. Imeandikwa. Kwa hiyo mtu wa ofisi akikwambia "hiyo si kazi yetu", usigombane naye. Mfungulie ukurasa.

Kinachotuzuia si sheria. Ni macho yetu. Tumezoea kwamba urithi ni mlango wa nakshi, ni jiwe la matumbawe, ni kaburi la nguzo. Jengo lile ni saruji na mabati. Kenchi zake ni za chuma, kwa sababu ukumbi wa senema hauwezi kuwa na nguzo katikati, na boriti za mikoko haziwezi kuvuka upana ule. Haliko kwenye kalenda. Hakuna Mtaliano atakayelinunulia fremu.

Niwape mfano wa watu waliokuwa na sababu zote za kuachilia. Mogadishu ni mwambao huuhuu wetu. Wachina waliwajengea ukumbi wa taifa, ukafunguliwa 1967. Vita vikaja 1991, ukafungwa, ukavunjika, paa likaanguka. Wakaukarabati, wakaufungua Machi 2012. Aprili, mwezi mmoja tu baadaye, mtu akajilipua ndani yake, watu wakafa. Wewe ungefanya nini? Mimi, kusema kweli, ningeufunga nikaupanda mihogo. Wao wakaujenga tena. Na tarehe 22 Septemba 2021 watu wakakaa vitini, taa zikazimwa, wakatazama filamu fupi mbili za Kisomali, za kwanza kuonyeshwa pale kwa miaka thelathini. Sisi hatujalipuliwa na mtu. Sisi tumeingiliwa na mbuzi.

Haya, tufanyeje? Sina bajeti mfukoni na sitawadanganya. Nitasema nilichokiona kwa macho.

Paa kwanza. Kabla ya rangi, kabla ya viti, kabla ya kamati na sare za kamati. Mabati upande wa bahari yameshakuwa kama kitambaa cha kuchujia tui. Chumvi ya hapa hailali. Ikipita paa inaingia kwenye zege, inakula nondo, nondo ikiota kutu inavimba, ikivimba inapasua saruji kutoka ndani. Mhimili wa mbele umeshaanza, nimetia kidole. Fundi aliyenisindikiza anasema misimu miwili ya masika, pengine mitatu. Baada ya hapo hatutakuwa na la kuzungumza.

Pili, msilifanye makumbusho. Nasema hivi nikijua wapo humu wanaotaka makumbusho, na nawaheshimu. Lakini ukumbi wa kutazamwa ni ukumbi uliokufa ukaoshwa. Projekta ndogo ya kawaida na kitambaa cheupe vinatosha kuanzia. Wekeni mpira wa Ulaya Jumamosi, wavulana watalipa. Wekeni taarabu. Wekeni harusi. Rudisheni alasiri ya wanawake, na hapo mtaniona mimi mstari wa pili.

Na kuna kazi isiyohitaji hata mwenye jengo kukubali. Operata wangu amekwisha kufa. Mwenye senema amekufa. Yule baharia, sijui bahari gani ilimchukua. Lakini wapo waliokata tikiti, waliochora mabango kwa mkono, waliobeba masanduku kutoka stendi. Wengine wako humu ndani, nawaona, wanajificha nyuma ya kofia zao. Vijana, simu zenu zina kinasa sauti. Mketi nao. Msiwaulize "senema ilikuwaje", watawajibu "ilikuwa nzuri", basi. Waulizeni: ulikaa wapi? Tikiti ilikuwa rangi gani? Nani alikukataza kwenda, na ulitokaje nyumbani?

Nimemaliza, naona mwadhini anaangalia saa.

Ndugu wenye jengo wamekubali jambo moja kwa sasa, nalo nawashukuru: tuingie tusafishe, na tufunike upande wa bahari kwa turubai kabla mvua hazijazidi. Mwenye turubai anijie baada ya hapa. Ngazi ninayo. Fagio kila mtu aje na lake.

Na mwenye mbuzi nimeshazungumza naye. Ni mtu mwelewa. Ameomba wiki moja, kwa sababu mmoja amezaa juzi, kulekule mbele, chini ya ukuta mweupe.